Kuzuia kazi ya kulazimishwa: ukaguzi wa kiwanda au mkataba unaombana mnunuzi?

Ukaguzi wa kawaida huchukua siku chache tu: daftari za mishahara, milango ya dharura, mahojiano na wafanyakazi wachache. Kwa vizima moto unafaa. Kwa kazi ya kulazimishwa, hapana. Deni ambalo mhamiaji alikopa ili kumlipa wakala aliyemtafutia kazi haliandikwi kwenye daftari la kiwanda, na pasipoti zilizofungiwa kabatini zinaweza kurudishwa asubuhi ya ukaguzi. Isitoshe, mara nyingi anayemlipa mkaguzi ni kiwanda chenyewe. Huko Karachi, Pakistan, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kilipewa mwaka 2012 cheti cha SA8000, kinachothibitisha kwamba mazingira ya kazi ni mazuri. Wiki chache baadaye kiliungua, milango imefungwa, wakafa watu zaidi ya 250. Cheti kile hakikumwokoa hata mmoja.

Mkataba unaobana hufanya kazi kwa njia nyingine. Katika Fair Food Program, mpango wa kulinda haki za wafanyakazi wa mashambani ulioanzia mashamba ya nyanya ya Florida, Marekani, wanunuzi wakubwa wamesaini kwamba shamba likikutwa na kazi ya kulazimishwa, hawalinunulii tena. Wafanyakazi wana simu ya malalamiko saa 24, na wakaguzi huhoji angalau nusu yao. Udhaifu wake ni kwamba mnunuzi asiposaini, hakuna wa kumtisha mwajiri.

Mimi ningechagua mkataba. Ukibaki na ukaguzi pekee, wahoji watu nje ya eneo la kazi, kwa lugha yao, uliza walimlipa wakala kiasi gani na nani anashika pasipoti, kisha hakikisha ada hiyo inarudishwa yote.