Nukta nyekundu, kioo cha wazi au darubini? Uzoefu wangu na vilengeo vya bastola ya hewa

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma huku pesa ziko tayari: kwa bastola ya hewa inayopigwa mita 10, nunua kilengeo cha nukta nyekundu cha aina ya mrija, chepesi, chenye nukta ya MOA 3, au 4 ikizidi sana (MOA ni kipimo cha ukubwa wa nukta, hesabu yake iko chini). Darubini iache. Kile cha kioo cha wazi, chenye fremu badala ya mrija, kina raha yake, lakini si chaguo langu la kwanza. Sababu zangu nitazieleza kwa kirefu, kwa sababu dukani nilielezwa mengi kuhusu mwangaza na ngazi zake, na karibu hakuna aliyenieleza yale mambo mawili yanayoamua risasi inaangukia wapi.

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Leicester, Uingereza. Huku bastola ya hewa ni mchezo wa kawaida wa vilabu. England na Wales, mtu wa miaka 18 na kuendelea anainunua bila leseni maadamu nguvu yake haizidi futi-pauni 6, yaani kama jouli 8.1. Scotland ni habari nyingine, tangu tarehe 31 Desemba 2016 lazima uwe na cheti. Duka halikutumii bastola kwa posta mpaka mlangoni, mnakabidhiana uso kwa uso, ila kilengeo kinaletwa kama kitabu. Na kwa ndugu zangu wa nyumbani wanaoniuliza kama wanaweza kuondoka na moja kwenye sanduku: sheria za Tanzania na Kenya si hizi. Ulizeni polisi kwanza, kabla ya kununua chochote.

Kilichonifanya nitafute kilengeo cha kioo ni macho. Vilengeo vya chuma vinakutaka uone vitu vitatu: pengo la nyuma, ncha ya mbele, na shabaha. Jicho haliwezi kuviona vyote kwa uwazi kwa wakati mmoja, ndiyo maana kila kocha atakwambia ukazie ncha ya mbele na uiache shabaha iwe na ukungu. Ukishavuka arobaini na kitu, ile ncha iliyo mwisho wa mkono ulionyooshwa ndiyo inayoanza kuingia ukungu. Yangu ilikuwa inaota manyoya pembeni, na jioni, taa za ukumbi zikiwa hafifu, sikuweza kusema imekaa katikati ya pengo au imelalia upande. Kilengeo cha nukta kinaondoa kazi hiyo yote. Nukta inaonekana kana kwamba inaelea mbali pale pale shabaha ilipo, jicho linatazama mahali pamoja tu.

Hapa niseme jambo moja kabla hujatoa pesa. Ukikusudia kushindana mashindano ya mita 10 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, yale yaliyoingia Olimpiki kwa bastola mwaka 1988, kilengeo cha kioo hakiruhusiwi kabisa. Kule ni chuma tupu, bastola isizidi kilo 1.5, kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 500. Mwenye ndoto hiyo pesa yake aipeleke kwa mtaalamu wa miwani, atengenezewe lenzi inayoona wazi umbali wa ncha ya mbele. Mimi napiga kwa furaha yangu na kwa mashindano madogo ya klabu ambayo yana kundi la vilengeo vya aina yoyote, kwa hiyo njia ilikuwa wazi.

Bastola yangu ni Weihrauch HW40, ya Ujerumani. Haina gesi wala springi: unafungua sehemu ya juu, unaifunga tena kwa nguvu, na kufunga huko ndiko kunakobana hewa ya risasi moja. Haina teke la kutaja, na juu yake kuna reli yenye mifuo ya milimita 11. Reli hiyo ikumbuke, maana vilengeo vingi vya siku hizi vimetengenezwa kwa reli pana ya Weaver au Picatinny, na havikai juu ya mifuo ya milimita 11 bila kipande cha kati. Kile kipande nacho kinakiinua kilengeo juu zaidi ya mtutu. Nitarudi kwenye hilo.

Darubini niliijaribu mwanzo, ya bastola hasa, si ya bunduki. Ya bunduki inataka jicho liwe sentimita nane au kumi nyuma ya lenzi, na mkono ukiwa umenyooka huoni kitu ila duara jeusi. Hii ya bastola inakubali jicho likae mbali, urefu wa mkono, lakini kwa masharti: kichwa kikisogea kidogo picha inakatika upande mmoja, na eneo unaloliona ni dogo mno. Halafu ukuzaji wenyewe. Ukikuza mara mbili au nne, umeikuza shabaha na umeukuza pia mtetemo wa mkono wako. Niliona ile alama ya msalaba ikikimbia kutoka ukingo hadi ukingo wa sehemu nyeusi, na kidole changu kikaanza tabia mbaya ya kusubiri ipite katikati kisha kupora kifyatulio, yaani kukivuta kwa ghafla. Anayepora kifyatulio hapati alama kumi, hata apewe kioo cha bei gani. Na uzito: HW40 haifiki kilo moja, ukiiwekea darubini na pete zake juu, kitovu cha uzito kinapanda na kifundo cha mkono kinachoka haraka. Kwa anayepiga ameegemeza bastola mezani, au anayelenga vibati vya kuangusha umbali wa mita 20 au 30, darubini ina kazi. Kwa kusimama na mkono mmoja, hapana.

Kisha nikaazima cha kioo cha wazi, kile chenye fremu kama dirisha dogo. Ni chepesi sana, na ukiinua bastola unaona shabaha yote na ukumbi wote, hakuna mrija unaokuzuia. Nilikipenda kwa vibati vya kuangusha, ambapo kasi ndiyo mchezo. Kwenye karatasi mapenzi yakapungua. Taa ya kutengeneza nukta iko wazi, vumbi au tone la mvua likikaa pale nukta inapotea au inapasuka vipande. Na chenyewe nilichoazima kilikuwa na nukta ya MOA 6, na hapo ndipo nikaanza kupiga hesabu.

MOA ni digrii moja iliyogawanywa mara 60. Kwa mita 10, MOA moja ni kama milimita 2.9. Sasa chukua karatasi ya shabaha ya mita 10: sehemu nyeusi ina upana wa milimita 59.5, duara la kumi lina milimita 11.5, na lile la ndani kabisa milimita 5. Nukta ya MOA 6 inafunika milimita 17 na nusu. Yaani kumi yote imezama chini yake na sehemu ya tisa pia, unalenga kitu ambacho kilengeo chenyewe kimekificha. Nukta ya MOA 4 inafunika milimita 11.6, karibu sawasawa na kumi. Ya MOA 3 inafunika 8.7, inakaa ndani ya kumi na kubakiza ukingo kidogo. Nilipobadilisha kutoka 6 kwenda 3, mashimo yangu yalisogeleana siku ile ile, bila mkono wangu kutulia hata kidogo zaidi.

Ukubwa wa nukta huandikwa kwenye boksi. Lile jambo la pili haliandikwi kwa herufi kubwa, nalo ni paralaksi, yaani nukta kuhama juu ya shabaha jicho likisogea. Vilengeo vingi vya nukta vimetengenezwa kwa umbali wa bunduki, yadi 50 au hata mita 100. Kwa umbali ule, ukiona nukta pembeni mwa kioo bado risasi inakwenda ilipo nukta. Kwa mita 10 sivyo. Fanya jaribio hili: bastola isiyo na risasi ifungie kwenye mfuko wa mchanga mezani, nukta ikae katikati ya shabaha, kisha bila kuigusa sogeza kichwa kushoto na kulia. Utaiona nukta inatambaa kutoka kumi, inaingia tisa, inarudi. Bastola haijasogea, ni jicho lako tu. Kwa kilengeo kilichorekebishwa kwa yadi 50, jicho likitoka katikati milimita tano, kosa shabahani ni kama milimita nne. Nne si nyingi ukisikia, lakini kwa duara la milimita 11.5 ni tofauti kati ya kumi na tisa.

Hapo ndipo mrija ulipokishinda kioo cha wazi kwangu mimi. Mrija una ukingo wa duara, na jicho hupenda kuweka kitu katikati ya duara bila kuamrishwa. Nikiinua bastola naona duara jeusi la mrija, ndani yake duara jeusi la shabaha, ndani yake nukta. Vikiwa vyote vimepangana, paralaksi haina pa kuingilia. Kwenye dirisha la wazi fremu ni nyembamba, jicho halina cha kupimia, nukta inaweza kukaa kwenye kona nawe ukadhani mambo ni mazuri.

Nilichokaa nacho ni Bushnell TRS-25: mrija mfupi wa milimita 25, nukta ya MOA 3, ngazi 11 za mwangaza, betri ya CR2032 ambayo inauzwa hata kwenye duka la mboga. Uzito wake ni kama gramu mia tu, na bei iko upande wa chini. Kuna wenye uwezo zaidi pale klabuni wanaotumia UltraDot Matchdot, ambayo unazungusha kuchagua nukta ya 2, 4, 6 au 8. Nimeishika, ni kitu kizuri sana na kioo chake ni safi kuliko changu, lakini sikuona pengo kwenye karatasi la kunifanya nitoe tofauti ya bei.

Mwangaza ushushe. Watu wengi huwasha mpaka nukta iwe kama taa ya breki, kisha wanalalamika ni kubwa. Ndani ya ukumbi mimi natumia ngazi za chini, nukta ionekane nyekundu ndogo juu ya weusi na basi. Ukiiona ina mkia kama koma, au imepasuka kama nyota, usikirudishe kilengeo kabla ya kukipiga picha kwa simu kupitia kioo chake. Simu ikiona nukta ya duara, tatizo ni astigmatizimu, yaani jicho lako halina umbo la duara sawasawa, na dawa ni miwani. Wengine wamewashauri wenye macho hayo wanunue vilengeo vya prizimu, ambavyo alama imechongwa kwenye kioo. Ushauri huo ni mzuri kwa bunduki, ila prizimu inataka jicho karibu kama darubini ya bunduki, kwa bastola haifai.

Kufunga na kukaza kusichukuliwe juujuu. HW40 unaifunga kwa kusukuma ile sehemu ya juu, ambayo ndiyo imebeba kilengeo. Kiganja kikisukumia kwenye mrija, kila risasi unakilegeza kidogo. Mimi nimekisogeza mbele kiasi cha kuacha nafasi ya kiganja nyuma yake, nasukuma chuma, sigusi kioo. Na mwenye bastola ya springi kama HW45 awe mwangalifu zaidi: ile inapiga kwa kishindo cha kwenda na kurudi, na kilengeo chepesi cha bei rahisi hutambaa juu ya reli au nukta ikazimika moja kwa moja. Rafiki yangu kimoja kilimfia hivyo, na muuzaji alikataa kukipokea akisema hakikutengenezwa kwa springi. Uliza kabla ya kulipa, na jibu liwe kwa maandishi.

La mwisho ni urefu wa kilengeo juu ya mtutu, lile nililoliahidi. Changu, pamoja na kipande cha kati, kimekaa kama sentimita nne juu. Risasi ya bastola hii ni ya mwendo wa pole, kwa hiyo nikiirekebisha ipige katikati kwa mita 10, kisha nikasogea mpaka yadi 6 nyuma ya nyumba, inapiga karibu sentimita moja chini. Hilo halitokani na hitilafu ya kilengeo, na halihitaji kuzungusha skrubu. Nimebandika utepe mdogo wa karatasi kwenye begi la bastola, umeandikwa: mita 10, katikati, yadi 6, inua sentimita moja.