Hendeli mpya za vioo kwenye Corolla KE70: baada ya miezi minane

Gari langu ni Corolla KE70 ya 1982, milango minne, injini ya 4K yenye ujazo wa cc 1290, na haina kiyoyozi. Kwa joto la Dar es Salaam, vioo ndiyo feni yetu. Kwenye foleni ya Ubungo nashusha, lori likipita na vumbi lake napandisha, mvua ikikatika nashusha tena. Hendeli ya kuzungushia kioo kwenye mlango wa dereva haipumziki. Mwaka jana ikaanza kuruka: unazungusha, inateleza, kioo kipo palepale. Meno ya ndani yalikuwa yamelika.

Nilinunua mbili mpya eneo la Gerezani hapa Dar, shilingi 12,000 kila moja, pamoja na klipu zake na washa za plastiki, yaani visahani vinavyokaa nyuma ya hendeli. Si za kiwandani, ni za kuiga. Hendeli orijino ya KE70 ikiwa bado kwenye pakiti sijawahi kukutana nayo dukani, na sishangai, maana Corolla mpya ilikuja kuchukua nafasi ya umbo hili tangu 1983. Kwa macho hizi ziko vizuri. Urefu ni uleule, rangi nyeusi haing'ai kupita kiasi, na kitufe cha kushikia kinazunguka bila kukwama.

Kazi ya kufunga nikamwachia fundi, na hapo ndipo nilipojuta. Kioo cha dereva kikiwa juu kabisa, mkono wa hendeli ulikuwa umelala nyuma kuelekea chini. Kila nikihamisha mguu kutoka mafuta kwenda breki, goti linakwaruza kitufe. Mlango wa kushoto, kioo kikiwa juu vilevile, mkono ulikuwa umesimama wima. Mwingine angesema hilo ni jambo dogo. Kwangu si dogo hata kidogo. Gari la zamani linapendeza kwa vitu kama hivi, na hendeli mbili zinazoangalia pande tofauti zinamwambia kila anayeingia kwamba mwenye gari halijali.

Jumamosi nikazitoa mwenyewe. Hendeli za KE70 hazina skrubu. Zinashikwa na klipu ya waya iliyojificha nyuma, kati ya hendeli na washa. Wapo wanaoichokoa kwa bisibisi, na ndiyo sababu milango mingi ya magari haya ina mikwaruzo kuzunguka hendeli. Chukua kitambaa chembamba cha pamba, kipitishe nyuma ya hendeli, ukishike ncha zote mbili, kisha ukivute huku na huku kama unayesugua kiatu. Kitambaa kitanasa ncha za klipu na kuisukuma nje. Weka kiganja karibu, kwa kuwa inaruka kwa nguvu, na ikiangukia chini ya kiti utaitafuta hadi jioni.

Sasa nafasi yenyewe. Shafti inayotoka kwenye mashine ya kupandisha kioo ina meno madogo kuizunguka, na tundu la hendeli lina meno ya kuyapokea. Hendeli inaingia kwenye jino lolote, kwa hiyo mashine haikulazimishi. Anayefunga ndiye anayechagua. Ukihama jino moja, mkono unahama kidogo tu. Kanuni niliyoifuata ni kupandisha kwanza vioo vyote hadi mwisho, bila kulazimisha, ndipo hendeli ipangwe. Kioo kikiwa nusu huna pa kuanzia, na milango miwili haitalingana kamwe.

Nilijaribu nafasi tatu upande wa dereva, kila moja nikakaa kwenye kiti na kuzungusha mara kadhaa kabla ya kuweka klipu. Wima juu: inapendeza, lakini mzunguko wa mwisho, kioo kinapoingia kwenye raba na kuwa kizito, ulinikunja kifundo cha mkono. Mbele moja kwa moja: goti liko huru, ila kitufe kinakuwa mbali kidogo kwangu. Iliyonifaa ni ya katikati, mkono ukielekea mbele na juu, nusu ya njia kati ya hizo mbili. Hapo goti halifiki, kiwiko hakigongi sehemu ya kuegemeza mkono, na nikitupa jicho tu najua kioo kimefunga kabisa au kimebaki na upenyo. Hili la mwisho lina faida kubwa kuliko nilivyodhani. Usiku, wakati wa kuegesha, hendeli isipokuwa kwenye nafasi yake, najua kioo hakijafunga bila kukipapasa.

Jambo moja lililonirudisha kazini: nilikuwa sijabadilisha raba za vioo. Nilipoweka mpya wiki mbili baadaye, kioo kikawa kinasimama mapema kidogo, na hendeli zote zikabaki nyuma ya pale nilipozipanga. Ikabidi nitoe tena. Kama una kazi ya raba, reli au mashine, imalize kwanza. Hendeli ziwe za mwisho.

Kuhusu bidhaa yenyewe. Hendeli mpya niliyoiweka kwa dereva ilianza kulegea na kuchezacheza mwezi wa tatu. Niliitoa nikakuta meno yake yamechakaa, ilhali shafti ya chuma haikuwa na alama yoyote. Malighafi yake ni laini mno kwa mlango unaofunguliwa vioo mara ishirini kwa siku. Hapo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Kwenye gari langu hendeli za mbele na za nyuma ni sawa, na zile orijino za nyuma zilikuwa karibu kama mpya kwa sababu huko nyuma hakai mtu mara nyingi. Nikazihamishia mbele, na hizi za dukani zikaenda nyuma. Miezi mitano imepita, mbele pameshika barabara, nyuma hakuna tatizo.

Kwa hiyo ningezinunua tena, lakini kwa milango ya nyuma tu. Klipu zake sizipendi. Moja ilikuwa legevu tangu siku ya kwanza, nikarudisha ya zamani. Usitupe klipu zako za kiwandani hata kama zina kutu kidogo, zisugue na uzipake grisi. Na ukienda dukani beba hendeli yako ya zamani pamoja na klipu, uingize klipu hiyo kwenye mfereji wake katika hendeli mpya palepale kaunta. Ikicheza, omba nyingine kabla hujatoa pesa.