Samurai X: Trust & Betrayal, usiiweke ukitegemea kucheka

Kama Kenshin, yule samurai wa hii anime (katuni ya Kijapani), unamjua kwa ile "oro" yake ya kuchekesha na kichapo anachopewa na Kaoru, yule dada wa kwenye siriz, basi jipange, hii ya 1999 inarudi nyuma kabla ya siriz ya 1996, dogo anatumwa kuua watu usiku Kyoto na utani hamna hata chembe. Ilikuwa epi nne wakaziunga zikawa muvi. Pale mwanzo katoto, Kenshin mwenyewe akiwa mdogo, kanachimba makaburi peke yake, kanawazika wauza watumwa pamoja na majambazi waliowaua, nikapauzi kwanza. Tomoe, mwanamke anayeingia kwenye maisha ya Kenshin, haongei sana ila lile kovu la Kenshin shavuni sasa ndo unalielewa, inauma balaa. Muziki wa Taku Iwasaki we acha tu. Siasa za enzi hizo wanazipitisha mbio mno, mi nilirudisha nyuma mara mbili. Watoto walale kwanza.