Gemu ya mkononi kwa mtoto mdogo: ipi ununue hapa Moshi

Kila Desemba, watoto wakianza kupanda kwa bibi kutoka Dar, maduka ya simu Moshi mjini hujaza maboksi ya gemu za mkononi. Mjomba mwenye haraka anasoma tu namba ya gemu zilizomo, iliyoandikwa kwenye boksi: 400, 9999. Naomba namba hizo uziache. Angalia umri wa mtoto, na betri ikifa utaipata wapi.

Nafasi ya kwanza, kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane, naipa ile gemu ya matofali yanayoshuka, kioo chake hakina rangi, inatumia betri mbili za AA. Haina intaneti, haina matangazo, na mtoto anajifunza kugeuza umbo mpaka likae kwenye pengo. Binti yangu wa miaka sita alikuwa anapinda shingo pamoja na tofali, kana kwamba shingo ndiyo inayoligeuza. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aweke betri, ubonyeze kila kitufe, hasa cha kuzima sauti. Kisha igeuze nyuma: mfuniko wa betri uwe umefungwa kwa skrubu. Gemu inayotumia betri za kidonge kama za saa usiichukue kabisa. Mtoto akimeza kidonge hicho, kinaweza kumuunguza koo vibaya ndani ya saa 2.

Ya pili ni SUP, kale kamashine kadogo ka mkononi kenye gemu 400 ndani. Ina rangi, inachajiwa, na nyingi zinatumia betri ya BL-5C, ileile ya Nokia za tochi, kwa hiyo fundi simu wa mtaani anayo. Ila hizo 400 zinajirudia kwa majina tofauti, na za kupiga risasi zimo. Kaa na mtoto mchague tano mnazozipenda.

Nintendo Switch Lite ndiyo bora kwa ubora, lakini naiweka ya tatu kwa sababu ya bei, na kila gemu unainunua peke yake. Subiri afike miaka saba au minane. Tafuta gemu zenye alama ya PEGI 3 au 7 (alama ya Ulaya inayoonyesha gemu inafaa kuanzia umri gani), na muda wa kucheza uupange kwa programu ya wazazi kwenye simu yako. Ukinunua iliyotumika, washa gemu, iweke mezani bila kugusa vijiti vya kuongozea: mhusika akitembea mwenyewe, irudishe.

Simu ya zamani ya mama siihesabu. Matangazo yake hayajui umri wa mtoto.

Na aliye chini ya miaka mitano? Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 ya skrini kwa siku. Huyo mnunulie gemu ya maji, ile unabonyeza pete zinaruka zivae vijiti. Haina betri wala kelele, na machinga wanayo. Ijaze maji safi nyumbani, ukaze kizibo vizuri kabla hamjapanda gari la Rombo.