Mita ndogo za umeme kwa wapangaji: tumefunga nyumba nzima, rivyu yangu hii hapa

Kama umepanga nyumba ambayo vyumba sita vinakula LUKU moja basi hii inakuhusu, kama una mita yako peke yako pita tu, Mungu kakuona.

Nachoongelea ni zile mita ndogo za ndani, mafundi wanaziita sabumita. Kidude cheupe chembamba kinaenea kiganjani, kina kioo kidogo cha namba na taa nyekundu inayopepesa. Zimejaa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme upande wa Gerezani. Sisi tuliambiwa elfu 28 moja, tulivyosema tunachukua sita kwa mpigo jamaa akashuka mpaka 24, alafu fundi akataka elfu 10 kila chumba, kwaiyo kila mpangaji katoboka elfu 34. Kuna watu hapo wataguna, najua, 34 ni hela, lakini subirini.

Nyumba yetu ipo Mabibo, vyumba vya kawaida vya elfu 80, choo na bafu nje, kodi ya miezi sita mkononi na dalali naye kala ya mwezi mmoja. Utaratibu wa umeme tulioukuta ni ule ule wa nyumba nyingi, elfu 12 kila chumba tarehe moja, anakusanya dada wa chumba cha tatu ananunua, tunaishi. Shida ni kwamba ikifika tarehe 23, 24 hivi umeme unakata na hapo ndo vita inaanza kwenye grupu la wasapu. Nani kaacha pasi, nani anachemsha maji ya kuoga kwa koili saa kumi na moja alfajiri, nani ana jiko la umeme kalificha uvunguni. Na kila mwezi lazima lawama ziishie kwa kijana wa chumba cha tano, fundi simu, kwa sababu ana sabufa na anaipiga kweli kweli, hasa Jumapili. Mimi mwenyewe sabufa ile siipendi lakini nilikuwa najiuliza, kelele na umeme ni kitu kimoja?

Ufungaji haukuwa na stori kubwa. Mita ya TANESCO haiguswi kabisa, lakiri yake ibaki kama ilivyo, hizi ndogo zinakaa ndani baada ya meini swichi, waya unaoenda kila chumba unapita kwanza kwenye mita yake. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, usimpe mtu kwa sababu ni shemeji yake fulani. Wetu alitumia siku nzima mana nyumba ni ya zamani na kuna mtu aliwahi kuunga waya wa korido kutoka chumba cha pili, yaani mama wa chumba cha pili alikuwa analisha soketi ya korido miaka yote bila kujua. Na soketi ile ndo watu walikuwa wanapigia pasi na kuchaji simu. Fundi akaing'oa. Kelele zilizopigwa siku hiyo, utadhani tumefunga kisima.

Kuhusu kama inapima kweli au inabahatisha: kwenye uso wake imeandikwa 1600 imp/kWh, maana yake taa ikipepesa mara 1600 umekula uniti moja. Nikachomeka birika la wati 1500 peke yake, nikazima kila kitu kingine, hapo taa inatakiwa ipepese mara 40 kwa dakika. Nikapata 37. Jioni umeme wetu huwa unashuka nguvu kidogo kwaiyo 37 nimeikubali, kwa bei ile sikutegemea hata ikaribie.

Sasa twende kwenye majibu ya mwezi wa kwanza.

Tulisoma namba zote jioni moja, watu wamesimama na simu wanamulika, dada wa chumba cha tatu anaandika kwenye daftari. Sabufa na kila kitu cha kijana wa chumba cha tano, uniti 14. Kumi na nne! Mimi nina laptopu, feni na birika, nimekula 27. Mama na baba wenye mtoto mchanga, pamoja na hiyo koili yao iliyosemwa sana, 25. Dada wa daftari mwenyewe 13. Kijana hakusema neno, aliingia ndani akaongeza sauti.

Chumba cha pili, mama anayeuza barafu za ukwaju na ubuyu pale getini, uniti 72. Lile friji lake ni la kizamani, mpira wa mlango umelegea, linanguruma usiku kucha, na hakuna aliyewahi kulitaja kwenye grupu kwa sababu mama mwenyewe ni mpole na watoto wa mtaa mzima wanampenda. Ukipiga kwa bei ya shilingi 357 kwa uniti hiyo ni karibu elfu 26 kwa mwezi, yeye alikuwa anachanga 12. Nilidhani atakasirika. Alikaa kwenye ndoo akapiga hesabu kwa vidole kisha akasema, "Kwaiyo barafu 250 za mwezi zinakwenda kwenye umeme peke yake? Na mimi nauza mia?" Kesho yake barafu ni mia mbili, kubwa kidogo kuliko za zamani, na mpira wa friji umebadilishwa. Mwezi uliofuata alishuka mpaka uniti 58.

Lakini kilichonikaa ni chumba cha sita. Mzee wetu wa chumba cha sita ni mlinzi, usiku yuko lindoni, mchana amelala. Ana balbu moja, redio na chaja ya simu ya tochi. Mita yake ilisoma uniti 4. Nne, yaani kama shilingi 1,400 na kitu, na huyu mzee amechanga elfu 12 kila mwezi tangu ahamie, hajawahi kuchelewa, hajawahi kuandika chochote kwenye grupu zaidi ya "Asanteni". Dada alivyomsomea namba akauliza arudie. Akarudia. Mzee akasema, "Kumbe nilikuwa nawalipia nyie barafu." Watu wakacheka, na yeye akacheka, ila mama wa barafu hakucheka, na toka siku ile mzee akirudi asubuhi anakuta barafu yake kwenye kikombe mlangoni.

Hapo ndo nikaelewa mchango wa sawa kwa sawa unafanya kazi gani. Anayesema sana anaonekana ndo mwenye matumizi, asiyesema ndo analipa.

Kuna kingine mita ilituonyesha bila hata kukipima. Jumla ya vyumba vyote ilikuja uniti 155, LUKU kubwa imekula 202, sasa 47 zimeenda wapi? Pampu ya maji ya kupandisha kwenye simtanki, hiyo tukakadiria kama 11. Zilizobaki 36 ni balbu ya nje. Balbu moja! Ile ya zamani ya wati 100 inayowaka kuanzia magharibi mpaka asubuhi, saa 12, uniti moja na pointi mbili kila siku. Karibu elfu 13 kwa mwezi tunamulikia paka. Tukaweka ya LED wati 9, mwezi mzima haifiki uniti 4. Kama huna hela ya mita leo, anza na hiyo balbu, usisubiri kikao.

Sasa tunalipa hivi: kila mtu uniti zake, kinachobaki cha pampu na taa tunagawana sita. Mzee analipa kama elfu mbili na mia tatu.

Mabaya yake sasa, mana muuzaji hatakwambia. Kioo hakina mwanga, na fundi alizipandisha juu ili watoto wasizifikie, kwaiyo kusoma ni stuli na tochi kila mwisho wa mwezi. Skrubu zake ni laini, moja ilivunjika mkononi kabla hata haijakaza, na skrubu isiyokaza vizuri kwenye waya wa umeme ni kuomba moto. Karatasi ya maelekezo ni Kichina kitupu. Kati ya sita moja ilikuja imekufa, taa inawaka ila namba hazitembei, kurudisha dukani ikabidi tubishane mpaka basi kwa sababu hatukudai risiti. Alafu haizuii wizi mdogo mdogo, kwetu kuna mtu alikuwa anavuta ekstensheni kupitia dirishani kutoka chumba cha jirani aliyesafiri, tukagundua kwa sababu chumba kimefungwa kufuli na taa ya mita inapepesa kama harusi. Sitamtaja, anasoma humu.

Na haipimi zamu ya kuosha choo. Wala sauti ya sabufa, ambayo sasa imepata uhalali wa kisayansi.

Kuna kitu kikubwa zaidi ambacho mita hii haiwezi kukusaidia na ndo kinaniuma. TANESCO ina bei ya watumiaji wadogo, D1, usipozidi uniti 75 kwa mwezi unalipa 100 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA inakuwa 122. Ndo wale ndugu zako wanaokwambia "mimi kwa 9,150 napata uniti 75". Sisi vyumba sita kwenye mita moja tunavuka 75 kabla wiki mbili hazijaisha, kwaiyo tuko T1, bei ya watumiaji wa kawaida, 292 kabla ya makato, 356 na senti baada ya makato, elfu 10 inakupa uniti 28. Mzee wa uniti nne, ambaye hana hata feni, ananunua umeme kwa bei ya mwenye AC. Angekuwa na mita yake ya TANESCO angelipa mia tano hivi kwa mwezi. Lakini kuunganisha umeme mjini ni laki 3 na elfu 20 na ushee, mwenye nyumba gani atalipa hiyo mara sita ili mpangaji apate nafuu? Hayupo.

Na ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa kila mwezi ukinunua mara ya kwanza. Hapo zamani anayenunua alikuwa anaona elfu 10 imetoa uniti 23 na kitu badala ya 28 anadhani kaibiwa. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, siyo yetu, ilianza kukatwa kwenye LUKU mwaka 2021 ikiwa 1,000 ikapanda mwaka 2023. Tulimfuata mama mwenye nyumba kwa adabu zote, shikamoo mama, tukamwonyesha daftari, tukamwomba apunguze 9,000 kwenye kodi ya miezi sita ijayo. Akatuangalia akasema, "Wanangu, buku jero ndo mmenifuatia kikao?" Bado tunavutana. Hela yenyewe kwake ndogo, tatizo anaona akikubali hiyo kesho tutauliza bomba la maji.

Huyo huyo mama alikubali tufunge mita kwa sharti kwamba ukihama unaiacha. Umelipa wewe, umefunga wewe, inabaki. Nilibisha sana ila nikaona mzee wa chumba cha sita anarudisha elfu 34 yake ndani ya miezi minne tu, mimi itanichukua zaidi, basi nikanyamaza. Nyie mkipata nafasi andikishaneni kwanza, hata kwa kalamu kwenye mkataba, kwamba mita ni mali ya mpangaji.

Msichanganye hizi na zile za kulipia kabla, zenye vitufe kama za TANESCO, ambazo baadhi ya wenye nyumba wanafunga wenyewe. Zile ni bei zaidi na anayekuuzia token ni mwenye nyumba, ndo hapo rafiki yangu Tabata anauziwa uniti moja 500 na akiuliza anaambiwa hama. Ukikuta nyumba ina mita za namna hiyo, kabla hujampa dalali hata senti uliza uniti bei gani, ukisikia zaidi ya 357 jua mwenye nyumba ana biashara ya pili.

Kwa ujumla nyota nne. Ukienda Kariakoo chukua iliyoandikwa 10(40)A, yaani inabeba mpaka ampea 40, siyo ile ya 5(30) inayoishia 30, tofauti ni buku mbili tatu tu, mwambie muuzaji aiunge pale pale kaunta na kitu kinachokula umeme mwingi, birika au pasi, uone namba inatembea, siyo taa tu kupepesa. Dai risiti. Na mnunue skrubu za akiba.