Uzoefu wangu na filta halisi ya dizeli kwenye Land Cruiser ya 1HZ

Injini ya 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, husifiwa sana kwa uvumilivu, lakini pampu yake ya nozeli (nozeli ni vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini) hulainishwa na dizeli ileile ambayo pampu hiyo huisukuma; dizeli hiyo ikiwa na maji au vumbi, pampu na nozeli huanza kulika. Kinachozikinga ni filta.

Yangu ilijitangaza kuwa imeziba nilipokuwa napanda Mlima Kitonga na mzigo: mlio ulikuwa wa kawaida, ila kila nilipozidisha mafuta gari lilizidi kulegea. Likisimama lilinguruma vizuri tu, kwa kuwa injini isiyo na kazi hunywa dizeli kidogo, na hata filta iliyoziba huweza kuipitisha. Fundi alipendekeza tufungue nozeli. Nikamwomba tuanze na kitu cha bei ndogo.

Filta halisi ya Toyota niliinunua Kariakoo, na bei yake, nakiri, ilinichoma. Iliyoigizwa ilikuwa rafu hiyohiyo kwa bei nafuu zaidi, lakini nilipozishika zote mbili niliona kuwa ile ya bandia ni nyepesi mno na mpira wake ni mkavu, nami sikutaka kubahatisha na mpira ambao ndio unaozuia upepo usiingie kwenye mfumo.

Kuifunga hakukuwa na ugumu. Fundi alichomoa waya wa sensa ya maji, yaani kifaa kinachotambua maji kwenye dizeli, akafungua filta ya zamani kwa mkanda, akahamishia sensa kwenye mpya, akapaka mpira dizeli na kuikaza kwa mkono. Alitaka kuijaza dizeli ya kwenye dumu kupitia tundu la katikati, nikamkataza: tundu hilo ni njia ya mafuta yaliyokwisha kuchujwa, hivyo uchafu wa dumu ungekwenda moja kwa moja kwenye pampu. Badala yake tulibonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu, na injini ikawaka baada ya kusuasua kidogo.

Nguvu imerudi, na milima naipanda bila kushusha gia mapema. Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya bei. Anayeinunua aangalie pia mpira mdogo wa sensa, kwani ukichakaa dizeli huvuja hata kama filta yenyewe ni mpya.