Suswa kwa Jimny ya kukodi: mimi, binti yangu na vumbi

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonifanya nisitesite. Suzuki Jimny ya umbo jipya, lile lililotoka 2018, gia za mkono: shilingi 12,000 kwa siku, mafuta juu yako, na amana unayorudishiwa gari likishakaguliwa. Prado ingekaribia mara mbili. Tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu wa miaka kumi na miwili, sikuona haja ya kulipia viti vya watu ambao hawapo.

Chanzo cha safari ni yeye. Siku hizi video anazotazama ni za watu wanaohangaika na magari kwenye theluji, na alishaanza kuniuliza sisi tutaenda lini. Theluji yetu iko kule juu ya Mlima Kenya ambako gari halifiki. Kinachokaribia, kwa mtu wa Nairobi mwenye siku moja ya mapumziko, ni vumbi la Mlima Suswa wakati wa kiangazi. Ni vumbi la volkano, laini kama unga wa ngano, na pengine linameza tairi hadi kwenye rimu. Ukikanyaga mafuta kwa hasira unazidi kuzama.

Njia ya kwenda haina mengi. Tuliteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, tukapita kale kakanisa kalikojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942 (kila mtu hukapita, wachache husimama, na sisi hatukusimama), kisha tukashika barabara ya Narok. Kwenye lami Jimny ni gari la kuvumilia. Injini ya lita 1.5 inalalamika ukitaka kupita trela, upepo wa ubavuni unalisukuma, na mkifika kilomita 100 kwa saa mnaongea kwa kupaza sauti. Buti ni jina tu: viti vya nyuma vikiwa vimesimama, unaingiza mkoba wa shule na chupa za maji.

Suswa mjini tulimchukua mwongozaji, kijana wa Kimaasai wa pale pale mlimani. Yeye analipwa kando na gari, na kama kuna pesa niliyoitoa kwa moyo mweupe siku hiyo ni hiyo. Alikaa nyuma magoti yakigusa kidevu, na tulipoiacha lami tu akasema, "Mama, simama hapa. Tutoe upepo." Nilidhani atashuka yeye. Akampa binti yangu kipimo, akamwonyesha tairi moja, akamwachia matatu yaliyobaki.

Tulishusha upepo kutoka psi 26 hadi 16 hivi. Tairi likilegea linatandaza kifua, uzito wa gari unaenea, linaelea juu ya vumbi badala ya kuchimba. Binti akamwambia kwamba ndivyo wanavyofanya Iceland kwenye theluji, ila wao wenye matairi makubwa hushuka hata chini ya 5. Kijana akacheka: "Hata huko wametuiga?"

Kazi ya pili ya mtoto ilikuwa mti wa 4x4, ule wa kuchagua magurudumu yapi yavute. Jimny haina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye lami unaiacha 2H, yavute ya nyuma tu, ama utasikia gia zikikazana kila unapokata kona. Kuingia 4H, yote manne yakivuta, unaweza ukiwa mwendoni. 4L, ile ya nguvu na mwendo wa kobe, inataka gari lisimame kabisa. Mimi nakanyaga klachi, yeye anasukuma mti mpaka taa iwake kwenye dashibodi, ananiambia "imeingia." Alikuwa na sura ya rubani.

Palipokuwa na utamu ni ule mpando wa mawe kabla ya kufika ukingo wa kreta ya nje, yaani lile shimo kubwa la volkano. Kijana alimshusha mtoto, akamfundisha ishara: kiganja kulia, kiganja kushoto, ngumi maana yake simama. Halafu akaniambia, "Wewe tazama mikono yake, jiwe usilitazame." Jaribu uone ilivyo ngumu. Mtoto uliyemfunza kufunga viatu anatembea kinyumenyume mbele ya bampa anakupigia kelele, "Mum, kulia! Kulia kwako, si kwangu!" Mara mbili alinionyesha ngumi nikiwa na uhakika napita, na mara zote mbili kulikuwa na jiwe la kuchana tairi. Gari lenyewe halikubabaika. Pua yake fupi inapanda bila kugusa, tumbo liko sentimita 21 kutoka chini, na kwa 4L unashuka mteremko injini ikikushikilia, mguu mbali na breki.

Kreta ya ndani na yale mapango wanamolala nyani nendeni mkajionee. Chukueni tochi, na msishike mawe karibu na matundu ya mvuke.

Sasa lawama. Kampuni iliyonikodishia gari, ambayo sitaitaja, ilitupa koleo, kamba ya kuvutia na pampu ya umeme. Koleo na kamba vilikuwa vizima, ila hatukuvihitaji. Pampu, ambayo kila mtu anaihitaji, ilinguruma bila kutoa pumzi. Tairi lenye upepo mdogo haliendi mwendo wa barabara kuu, linapata joto na linaweza kupasuka, kwa hiyo tulijikokota pole pole hadi kituo cha mafuta pale Suswa, matatu zikitupigia honi. Nilipowapigia simu waliomba radhi vizuri sana. Jioni wakanikata shilingi 1,000 za kuosha gari, jambo ambalo halikuwa kwenye mkataba. Nilibishana, wakarudisha 500.

Gari na mwongozaji nawapa alama zote. Kampuni, nusu. Tukirudi tutaenda na pampu yetu kutoka Kirinyaga Road, kule Nairobi kwenye maduka ya vipuri. Binti ameshauliza bei.